Maikrofoni Gotini

Mimi ndiye Didjei Kokoto, wa kibanda cha video Pasua,
mlango wa pazia, kiingilio mia tano, mtoto mia mbili.
Miaka kumi na minne nawatia Wachina maneno ya Kiborloni:
jambazi akidondoka nasema, "Huyo kaisha, leteni jeneza la mkopo!"
Mke akilia kule Lagosi, namlilia mimi huku Moshi
kwa sauti nyembamba, soda mkononi.
Kimya kwangu ni hasara. Kikizidi sekunde tatu
mtu wa nyuma hupiga mluzi, akadai hela yake.

Basi akaja Aikaeli, binti wa fundi saa,
na filamu aliyoipiga peke yake kwa kamera ya kuazima,
mwaka na nusu, kule Uru, kwenye mifereji.
"Iweke Jumanne," akasema, "siku isiyo na mpira."
Nikawasha maikrofoni. Nikakohoa kikohozi changu cha kazi.

Mzee anazibua mfereji.
Jembe. Tope. Jembe.
Jani la mgomba linakuja na maji, linakwama,
linafikiri, linapita.
Mzee bado anazibua mfereji.
Nikasema, "Mabibi na mabwana, babu anatafuta dhahabu!"
Wakacheka wawili. Halafu jembe tena,
na uongo wangu ukabaki unaning'inia
kama nguo ya mpangaji aliyehama.

Nusu saa. Vijana wa bodaboda wakatoka, nikawarudishia chao.
Mama Ndeanka wa ndizi za kuchoma akasinzia, akazinduka,
akauliza, "Nimepitwa?"
Nikamjibu, "Na nini?"
Aikaeli, juu ya kreti la soda, hakugeuka.

Kisha mzee akanawa miguu, akavaa koti la kanisani,
akakata jani la isale, akalipiga fundo,
akaenda kwa jirani. Mlango wa bati, rangi ya bluu.
Akasimama.
Akasimama hasa.
Ukungu ukashuka kihambani. Kuku akapita, akarudi.
Rasharasha ikaanza kulilowesha koti, bega la kushoto kwanza,
na mlango haukufunguka,
na kamera haikusogea,
wala haikumwonea huruma kwa kumpigia zeze.

Nani wa huku asiyejua isale ni nini?
Ukiletewa, huwezi kukataa kusamehe;
ndiyo maana wengine hawafungui mlango.
Kibandani hakuna aliyepiga mluzi.
Nikasikia jenereta la jirani. Nikasikia mtu akimeza mate.
Nikamkumbuka kaka yangu Ndetaramo, na ule mpaka wa hatua mbili,
migomba minne, miaka sita,
na maneno yote niliyowagawia watu wasio wangu.

Zilikuwa dakika tisa. Nilizihesabu baadaye;
wakati ule hazikuhesabika.
Kidole changu kilikuwa juu ya swichi.
Nikaizima,
nikailaza maikrofoni gotini kama paka mgonjwa,
na kwa mara ya kwanza tangu ninunue kile kibanda
nikawa mtazamaji.

Sitakuambia kama mlango ulifunguka.
Ilipokwisha tulikuwa saba, tumekaa tu, skrini nyeusi.
Mama Ndeanka ndiye aliyesema:
"Lile koti limelowa. Atapata nimonia."
Aikaeli akainama kama aliyepewa zawadi nzito.
Akaniuliza nadai kiasi gani.
Nikasema, dada, kazi gani niliyofanya?

Nyuma ya choo changu masale yameota, yamefungamana,
hakuna aliyeyapanda. Usiku ule nilikwenda na tochi.
Niliyatazama muda mrefu, nikarudi kulala. Kisu kilikuwa jikoni.

Jumatano Wachina walirejea, na mateke yao.
Katikati, bwana mmoja akamwangalia mama yake dirishani.
Hapo huwa namtilia, "Maza, nitarudi na gunia la hela!"
Nikamwachia amwangalie.
Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne.
Mluzi ukapigwa kutoka nyuma.
Nikamwacha apige.